Kabla ya kulipia shamba la marehemu, uliza tarehe

Mwili uko mochari, bili ya hospitali haijalipwa, na jamaa wamekaa chini ya mparachichi wakipiga hesabu isiyotimia. Pesa hakuna. Kuna shamba tu, ekari sita, na hatimiliki yenye jina la marehemu imo sandukuni mwake. Kifungua mimba anasema yuko jirani ambaye kwa muda mrefu amekimezea mate kile kipande cha chini, karibu na mto. Jirani anaitwa, anakuja na pesa taslimu, ukurasa wa daftari unachanwa, wazee wawili wanatia saini kama mashahidi na mjane anaweka kidole gumba. Mzee anazikwa kwa heshima. Mvua ya kwanza ikinyesha, jirani anapanda mahindi.

Miaka kumi baadaye kitinda mimba, aliyekuwa darasa la nne siku ya mazishi, anarudi kutoka chuoni na kuuliza kwa nini mtu wa nje analima kwa baba yake. Jirani anatoa karatasi yake. Anaamini kwa moyo mweupe kwamba alinunua, tena kwa bei aliyoombwa, tena kwa kuisaidia familia iliyokuwa imekwama. Anakwenda mahakamani ili apewe hati yake, na huko anaambiwa karatasi ile haiwezi kutekelezwa.

Mfano huu nimeutunga, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya nje ya mahakama za urithi nchini Kenya ataziona humu sura za watu anaowafahamu. Uchungu wake ni kwamba mara nyingi hakuna mwizi katika hadithi hii. Kuna familia yenye dhiki na mnunuzi mwenye pesa, na kati yao kuna sheria ambayo hakuna hata mmoja aliyeisoma.

Watu wakifika kwa wakili swali lao la kwanza huwa ni kama mkataba uliandikwa vizuri. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni tarehe. Siku ile kalamu iliposhikwa, aliyeuza alikuwa nani mbele ya sheria? Mtoto wa marehemu? Msimamizi aliyepewa granti, yaani hati ya mahakama inayomruhusu kusimamia mali ya marehemu? Msimamizi ambaye granti yake imekwisha kuthibitishwa, yaani mahakama imeukubali mgao wa mali? Mtu ni yule yule, jina ni lile lile, kitambulisho hakijabadilika, lakini uwezo wake wa kuuza ardhi hubadilika kabisa kutoka hatua moja hadi nyingine.

Kabla ya granti

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kwa mujibu wake mali ya mtu aliyefariki haimwangukii mtoto wa kwanza, wala mjane, wala ukoo. Kifungu cha 79 kinaikabidhi kwa mwakilishi wa marehemu, yaani yule aliyepewa granti na mahakama. Ikiwa marehemu aliacha wosia na kumtaja mtu wa kuutekeleza, mtu huyo ni wasii. Kama hakuna wosia, mahakama humteua msimamizi wa mirathi.

Mwingine yeyote anayeuza, anayegawa au anayejichukulia kitu cha marehemu anaangukia kifungu cha 45, kinachokataza kuingilia mali ya mtu aliyekufa. Ni kosa la jinai. Faini yake haizidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini ni ndogo kiasi kwamba watu wengi hawaiogopi. Kinachouma ni sehemu ya pili ya kifungu hicho, kwamba aliyeingilia anawajibika kwa wasii au msimamizi halali kwa kila alichokigusa.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu barua ya chifu, kwa sababu imewaponza wengi. Barua ile inawataja watu waliomtegemea marehemu. Kazi yake ni kuambatishwa kwenye maombi ya granti, basi. Haimpi mtu uwezo wa kuuza hata mche wa kahawa. Vivyo hivyo muhtasari wa kikao cha ukoo, hata ukiwa na saini ishirini. Ukoo unaweza kukubaliana nani aombe granti, lakini hauwezi kumteua msimamizi kwa niaba ya mahakama.

Kati ya wasii na msimamizi kuna tofauti ambayo mawakili huipenda, na inafaa kuielewa. Wasii anapata mamlaka yake kutoka kwa marehemu mwenyewe, kupitia wosia. Kifungu cha 80 kinasema granti yake huuthibitisha wosia kuanzia siku ya kifo na kuyahalalisha matendo aliyoyafanya kati ya kifo na granti, mradi yanapatana na wajibu wake. Msimamizi hana bahati hiyo. Granti yake inaanza kufanya kazi siku ile inapotolewa, na haiyarudii ya nyuma. Basi wasii aliyekusanya kodi ya nyumba za marehemu mwezi mmoja baada ya mazishi anaweza kusimama na kusema alikuwa kazini. Mtoto aliyefanya vivyo hivyo bila wosia, kisha akapata granti mwaka uliofuata, hawezi.

Ungedhani basi kwamba kununua ardhi kutoka kwa wasii ni salama kuliko kununua kutoka kwa msimamizi. Wengi wamedhani hivyo, na hapo ndipo wamejikwaa.

Ng'ombe anauzika, ardhi haiuziki

Kifungu cha 82 ndicho kinachoorodhesha mamlaka ya wawakilishi wa marehemu, wasii na wasimamizi kwa pamoja. Kinawaruhusu kuuza mali yoyote waliyokabidhiwa kadiri wanavyoona inafaa kwa kutimiza wajibu wao. Kisha kinaweka masharti mawili. Sharti la pili ni fupi na halina kona: mali isiyohamishika isiuzwe kabla granti haijathibitishwa.

Kwa hiyo msimamizi aliyepewa granti leo anaweza kesho kuuza ng'ombe wa marehemu, gari lake bovu na magunia ya mahindi yaliyo ghalani, ili alipe madeni. Ardhi hawezi. Nyumba hawezi. Wasii naye hawezi, hata kama wosia umeandikwa vizuri namna gani.

Kwa nini sheria iwe kali hivi? Kwa kawaida granti huthibitishwa baada ya miezi sita tangu itolewe, chini ya kifungu cha 71. Kabla ya granti yenyewe kutolewa, tangazo huwa limechapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na watu wamepewa siku 30 za kupinga. Muda wote huo ni mlango ulioachwa wazi. Mke wa pili ambaye hakutajwa aweze kujitokeza. Binti aliyeolewa mbali, ambaye kaka zake walimwacha nje ya orodha, aweze kuja. Aliyemdai marehemu alete stakabadhi. Mtegemezi aliyenyimwa fungu katika wosia aweze kuiomba mahakama imtengee kitu, maana kifungu cha 30 kinamfungia njia hiyo mara granti inapothibitishwa. Ardhi ikiuzwa kabla mlango huo haujafungwa, wote hawa watakuja kukuta shamba limekwisha gawiwa kwa pesa ambazo hazipo tena. Ng'ombe ana bei, na bei hiyo inaweza kurudishwa. Kaburi la baba na kisima cha mama havina bei ya namna hiyo.

Matokeo kwa mnunuzi ni mazito. Mkataba wa kuuza ardhi uliotiwa saini kabla ya uthibitisho unapingana na sheria waziwazi, na majaji wa Kenya wamekuwa wakiukataa mara kwa mara kwa hoja moja: mahakama haiwezi kumwamuru mtu afanye kile ambacho Bunge limekikataza. Haisaidii kusema warithi wote walikubali. Haisaidii kusema bei ililipwa yote. Kukubaliana kwenu hakuwezi kulifuta katazo la sheria, kwa sababu katazo lile halikuwekwa kwa ajili yenu mliokuwepo tu. Liliwekwa pia kwa ajili ya asiyekuwepo.

Wapo wanaouliza: je, granti ikithibitishwa baadaye, ule mkataba wa mwanzo haufufuki? Usiutegemee. Njia ya salama ni kuandika mkataba mpya baada ya uthibitisho. Iko pia njia nyingine ya amani, ambayo ningependa familia nyingi ziijue. Wakati wa kuomba uthibitisho, warithi wanaweza kukubaliana mbele ya mahakama kwamba mnunuzi atajwe katika mgao, na kipande chake kiandikwe kwenye cheti cha uthibitisho. Hapo anapata haki yake kutokana na amri ya mahakama, wala haitegemei tena ile karatasi ya daftari. Na kama aliyemuuzia alikuwa mrithi mmoja tu, kwa kawaida kipande hicho hutolewa katika fungu la huyo aliyeuza. Ndugu zake ambao hawakula pesa zile hawapunguziwi.

Na dhiki ya kweli je, ile ya bili ya hospitali? Sheria haikuisahau kabisa. Kifungu cha 71 kinairuhusu mahakama kuithibitisha granti kabla ya miezi sita, ikiwa marehemu hakuacha mtegemezi, au wategemezi wote ni watu wazima na wamekubali, na mahakama ikaona inafaa kufanya hivyo. Familia yenye watoto wadogo haiwezi kutumia njia hii, na nadhani ni haki, maana mtoto wa miaka tisa hawezi kuridhia kuuzwa kwa shamba lake.

Mawakili wengine huandika mkataba wenye sharti: tunakubaliana bei leo, lakini mauzo hayatakuwepo mpaka granti ithibitishwe. Mimi ninauogopa mkataba wa namna hiyo usipoandikwa kwa uangalifu mkubwa. Mahakama hutazama kilichotendeka kuliko jina mlilokipa. Ikiwa mnunuzi amelipa bei yote, ameingia shambani na amejenga, basi mmeuza, hata karatasi ikisema hamjauza. Kama ni lazima, arbuni, yaani malipo ya awali, ikae kwenye akaunti ya wakili, mnunuzi asikanyage shamba, na iandikwe kwamba mahakama ikikataa kuthibitisha, kila shilingi inarudi.

Cheti kimetoka: soma jedwali lake

Granti ikithibitishwa, mahakama hutoa cheti cha uthibitisho chenye jedwali la nani anapata nini. Wanunuzi wengi wakiona muhuri hupumua na kutoa pesa. Lakini cheti si ruhusa ya jumla ya kuuza. Ikiwa jedwali linasema kipande nambari fulani ni cha binti wa tatu, msimamizi anayekuuzia kipande hicho bila huyo binti anakuuzia kitu ambacho mahakama imekwisha mpa mtu mwingine. Kazi iliyobaki kwake ni kumhamishia, na kifungu cha 83 kinampa miezi sita tangu uthibitisho aimalize na kutoa hesabu, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Hali ni tofauti pale jedwali linaposema kiwanja kiuzwe na pesa zigawanywe. Hapo msimamizi ndiye hasa mtu wa kuzungumza naye.

Hesabu majina ya wasimamizi. Wakiwa watatu kwenye granti, watatu watie saini, kwa sababu mali imekabidhiwa kwao wote kwa pamoja. Kaka mkubwa anayesema "hawa wengine nitawaambia" anakununulia kesi. Kama mmoja amefariki, waliobaki huendelea na mamlaka. Ila panapokuwa na amana inayoendelea, yaani mali inayotunzwa kwa niaba ya wengine, kama vile fungu la watoto chini ya miaka 18, msimamizi aliyebaki peke yake hana uwezo juu ya amana hiyo mpaka mahakama itoe granti nyingine. Ndiyo sababu sheria haimpi mtu mmoja peke yake granti ya mirathi isiyo na wosia yenye amana ya namna hiyo. Mtu mmoja na mali ya watoto, hakuna wa kumtazama: sheria iliona hatari hiyo mapema.

Na mtazame mnunuzi mwenyewe ni nani. Lile sharti la kwanza la kifungu cha 82, ambalo sikulitaja, linasema msimamizi akijiuzia mwenyewe mali ya marehemu, mauzo hayo yanaweza kubatilishwa na yeyote mwenye haki katika mali hiyo. Msimamizi anayemtanguliza shemeji au kampuni yake asitarajie kwamba mahakama itaishia kusoma jina lililo juu ya karatasi.

Jambo dogo lakini la lazima: nenda mwenyewe kwenye masjala ya mahakama iliyotoa granti, uone faili. Cheti cha kughushi kinaweza kuwa na muhuri mzuri kuliko cha kweli. Ukiwa pwani na familia ni ya Kiislamu, faili inaweza kuwa katika Mahakama ya Kadhi. Mgao wa mali hapo unafuata sheria ya Kiislamu, lakini kanuni za Sura ya 160 kuhusu usimamizi zinaendelea kutumika mahali ambapo hazipingani nayo.

Baada ya hayo ndipo lile swali la pili linapofika. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na wahusika wote, na kila saini ishuhudiwe. Ardhi ya kilimo iliyo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanyike. Mikataba mingi hufuata masharti ya Chama cha Wanasheria cha Kenya: arbuni ya asilimia kumi, siku 90 za kukamilisha. Msimamizi si lazima ajiandikishe kwanza kuwa mwenye shamba ndipo auze. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu msajili kupokea uhamisho moja kwa moja kutoka kwa msimamizi, akionyeshwa granti.

Anapogeuka

Tuseme sasa kila kitu kilikuwa sawa. Granti ilithibitishwa, jedwali liliruhusu, wasimamizi wote walitia saini, bodi ilikubali. Kisha bei ya ardhi ikapanda kwa sababu barabara ya lami imepita, na wasimamizi wakagoma kutia saini fomu ya uhamisho. Hapa mnunuzi ana nguvu za kweli.

Anawashtaki wasimamizi kwa cheo chao cha usimamizi, kwa kuwa deni ni la mirathi. Kesi inakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wengi hukimbilia kwenye faili la urithi kwa sababu ndiko jina la marehemu liko, na jaji wa urithi huwaambia waende kwingine: yeye anagawa mali kwa warithi na wategemezi, na ugomvi wa mnunuzi una mahakama yake. Kanuni za urithi zinamruhusu hata kukitenga kipande kinachogombaniwa, agawe kilichobaki, na ugomvi huo uamuliwe kando.

Anachoomba mnunuzi ni amri ya kuutekeleza mkataba kama ulivyo. Amri hii si haki ya moja kwa moja. Hutolewa kwa busara ya mahakama, na mwenye kuiomba lazima aonyeshe kwamba yeye mwenyewe alitimiza upande wake, au alikuwa tayari kuutimiza na pesa zipo. Mnunuzi aliyechelewa mwaka mzima kulipa, kisha akaamka bei ilipopanda, hatapata sikio. Aliyetimiza akishinda, na wasimamizi wakaendelea kugoma, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inairuhusu mahakama kumteua mtu mwingine atie saini badala yao. Kwa kawaida huwa ni naibu msajili wa mahakama. Kalamu yake inatosha.

Upanga huu unakata pande zote mbili. Msimamizi naye anaweza kumdai mnunuzi aliyekwama katikati. Anampa notisi ya kukamilisha, na muda ukiisha anaweza kuvunja mkataba na kuizuia arbuni kwa mujibu wa masharti. Kwa kweli anapaswa kufanya hivyo, kwa kuwa hiyo ni pesa ya warithi. Na warithi wasiopenda bei iliyokubaliwa, shida yao ni kwa msimamizi wao. Mnunuzi mwaminifu aliyelipa bei aliyoombwa na mtu mwenye mamlaka hapaswi kuadhibiwa kwa sababu msimamizi alikuwa mdhaifu wa kupatana.

Granti ikifutwa je? Kifungu cha 76 kinairuhusu mahakama kuifuta, kwa mfano ikigundulika ilipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha mrithi. Kifungu cha 93 kinamkinga mnunuzi: uhamisho uliofanywa kwake na mtu aliyekuwa na granti unabaki halali ingawa granti imefutwa baadaye. Ni kinga nzuri, lakini usiibebe kama hirizi. Inamhusu aliyenunua kwa mwenye granti, na haimsaidii mnunuzi aliyeujua udanganyifu au aliyeshiriki. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika mgogoro wa kiwanja cha ufuoni huko Nyali, Mombasa, ilisema hatimiliki peke yake haitoshi ikiwa mzizi wake una kasoro. Anayenunua lazima auchunguze mzizi. Kwa ardhi ya marehemu, mzizi ni faili la urithi.

Kuna pia wale walioingia shambani kwa baraka za muuzaji, wakajenga, wakaishi, na mkataba ukapatikana na dosari ya sheria, hasa ya kukosa idhini ya bodi. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilitoa maamuzi mawili yasiyopatana. Moja lilisema muuzaji aliyepokea pesa na kumkabidhi mnunuzi shamba ameligeuza kuwa amana kwa ajili ya mnunuzi. Lingine lilisema sheria ya bodi ni sheria, na haki ya usawa, ile inayotazama uadilifu kuliko herufi za sheria, haiwezi kuipindua. Mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo iliegemea upande wa kwanza, ikikumbusha kwamba Katiba ya 2010 inaitaja haki ya usawa miongoni mwa maadili ya taifa. Je, hoja hiyo inamwokoa aliyenunua kabla ya uthibitisho? Nisingempa mtu matumaini makubwa. Dosari ya bodi ni ya utaratibu, kati ya muuzaji mwenye mali na mnunuzi. Dosari ya kifungu cha 82 ni kwamba muuzaji hakuwa na uwezo huo kabisa.

Nisipite bila kumtaja mnunuzi wa aina nyingine, ambaye mara nyingi anachanganywa na hawa: aliyenunua kwa marehemu mwenyewe akiwa hai. Mzee aliuza, akapokea pesa, akafa kabla ya kuhamisha. Hapa msimamizi hauzi chochote. Anakamilisha deni la marehemu, na kulipa madeni ya marehemu ni wajibu wake. Mnunuzi huyu ajitokeze mapema, apeleke mkataba wake, asisubiri mgao upite.

Kwa msomaji wa Tanzania, usiyabebe haya yote hadi ng'ambo ya Namanga. Sheria ya huko, Sura ya 352, haina hatua ya kuthibitisha granti kama ya Kenya. Kifungu cha 101 kinampa wasii au msimamizi, kwa mali isiyohamishika, uwezo wa kuuza kama walio nao wadhamini wa amana ya mauzo, yaani watu waliokabidhiwa mali waiuze kwa faida ya wengine, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imewahi kusema ridhaa ya warithi si sharti la kisheria ili mauzo hayo yawe halali. Anayewajibika chini ya sheria hiyo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Walioteuliwa na Mahakama ya Mwanzo wana kanuni zao. Mkataba ambao Kajiado ungekataliwa kwa tarehe yake unaweza kutekelezwa Longido.

Turudi kwa jirani yetu wa kando ya mto. Amri ya kutekeleza mkataba hataipata: aliyemuuzia hakuwa na granti, sembuse uthibitisho. Kuhusu kukaa kwake shambani, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema mwaka 1984, katika kesi iliyomhusu Kabidhi Wasii wa Serikali, afisa anayesimamia mali za marehemu, kwamba mnunuzi aliyeingia kwenye ardhi huhesabiwa ile miaka 12 ya kudai ardhi kwa kuikalia kuanzia siku alipomaliza kulipa. Yeye ana kumi. Pesa zake anaweza kuwadai wale waliozipokea, wao binafsi, ingawa kwa madai ya mkataba sheria ya ukomo huhesabu miaka sita, na atalazimika kupambana na hilo.

Kilichobaki mkononi mwake ni faili ambalo kitinda mimba amelifungua juzi. Tangazo likitoka kwenye gazeti rasmi, jirani anazo siku 30. Granti ikishatolewa na maombi ya uthibitisho yakaletwa, anaweza kuweka hati ya kiapo ya kupinga, akiambatisha ukurasa ule wa daftari, na kueleza pesa zilikwenda wapi: bili ya hospitali, jeneza, na gari la kumleta mzee nyumbani. Mjane bado yuko hai, na kidole gumba ni chake. Wakikaa naye kabla jaji hajatia saini jedwali, wanaweza bado kumwandikia kipande kutoka katika mafungu ya wale waliouza. Jedwali likishatiwa saini bila jina lake, atabaki na safari ndefu ya kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi akiwa na karatasi isiyo na nguvu.